Kombe la Zuhura

Jumanne, baada ya isha

Wewe Zuhura, muuguzi gani anayekimbia maiti? Mjukuu wangu huyu amerudi hapa Wiyoni kutoka zahanati ya Siyu, anasema haendi tena. Mwanamke alimfia akijifungua. Maji yalikuwa yamekupwa, boti ya kumpeleka hospitali imekwama matopeni.

"Bibi, niko peke yangu kule. Nikitaka kumsomea marehemu, hata Fatiha siimalizi."

Akibaki hapa, wanawake wa Siyu watazalishwa na nani? Akirudi kule, ananikondea. Sina pa kutokea.

Nimemletea kombe, aya zilizoandikwa kwa zafarani kwenye sahani.

"Hilo la wagonjwa, Bibi!"

"Na wewe ni nini, mzima?"

Akacheka, kisha akalia. Nikamsomea Fatiha mpaka mwisho.

Kesho alfajiri alioshe kwa maji, alinywe, apande boti ya Siyu kabla maji hayajakupwa.