Kitabu Nimeenda Nacho Kazini

Mama Berthe,

Kile kitabu cha Wahindi kilichogeuzwa kwa Kifaransa, usikitafute, miye nimeenda nacho kazini. Samaki iko ndani ya sufuria, funika, paka asiikule.

Asubuhi umenikuta jikoni napangusa macho, nikasema ni moshi. Na moto ulikuwa haujawashwa. Ni yule binti wa kitabu: baba yake anamulazimisha aolewe na tajiri, kisa mupenzi wake ni mutoto wa fundi viatu. Nikasema, baba gani huyu, kichwa ngumu hivi. Umecheka mpaka ukakaa chini, ukaniuliza, "Na baba ya Stanislas, yule mupenzi wa Berthe unayemukatalia, anauzisha nini?"

Makala, mkaa wa jikoni. Najua.

~~Stanislas asikanyage hapa.~~

Mwambie Berthe amwite dimanche, siku ya misa, tukule naye bukari. Apite mulango ya mbele, majirani wamuone.

Baba Berthe