Breki za Asubuhi

Bwenini, 3 Machi

Mwanangu mpenzi,

Pokea salamu zangu nyingi, na baada ya salamu, hali. Mimi ni mzima, isipokuwa goti la kushoto linalalamika kwenye ngazi. Namshukuru Mungu halijamshawishi mwenzake. Na wewe kifua chako kimekaa vizuri? Unakula mezani, au bado unakula umesimama kama anayesubiri kuitwa?

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilifurahi. Umeandika kwamba bosi wako wa duka la skeitibodi za umeme amekupandisha cheo, sasa kila ubao mpya unaupanda wewe kwanza, na neno lako ndilo linaloamua kama auagize au auache. Nilipiga magoti hapohapo, bovu na zima.

Mara ya pili ndipo nikaona yale mengine. Kwamba toleo jipya lililotoka juzi limetengenezwa kwa ajili ya watu wa makamo, na mtu wa makamo wa kwanza kuupanda ubao huo ni mama mwenye nyumba wako, yule mshonaji. Umeandika "alisimama juu yake kama malkia." Tena siku ya uzinduzi ndiye atakayeteremka nao mbele ya wateja.

Mimi nina umri gani, baba? Au nimeshatoka kwenye umakamo na hakuna aliyeniambia?

Ule ubao wa zamani ulionipa, mnaouita Kobe, naupanda mwaka wa pili sasa. Kila asubuhi nateremka nao kutoka bwenini hadi ofisini kupeleka taarifa za wasichana wagonjwa, jioni napanda nao kurudi. Wasichana wa chuo wananipigia vigelegele, "Metroni, punguza mwendo!" Mlinzi wa geti ameacha kucheka tangu siku aliyoomba kujaribu, akaenda kukaa kwenye ua wa michongoma. Kwa hiyo mimi si mgeni wa mbao hizi. Lakini nyinyi mkitafuta mama wa kujaribu, mnamtafuta chumba cha pili. Ni kweli fimbo ya mbali haiui nyoka. Basi na fimbo nayo ina roho.

Siyasemi kwa ubaya. Msalimie. Muulize anatumia sabuni gani, maana umesifu mashuka yanavyonukia, na mimi miaka yote ile sikumbuki umesifu shuka.

Ni mimi mama yako.


Mjini, 12 Machi

Mama yangu,

Shikamoo. Kifua kizima, na ninakula nimekaa. Goti lako usilipandishe ngazi, pita mlango wa nyuma.

Hakuna aliyekusahau, mama. Nilirudi jioni na ubao mkononi, nikamkuta barazani anashona, akauliza hicho ni nini, akapanda. Ilikuwa hivyo tu. Na mashuka nafua mwenyewe.

Nimezungumza na bosi. Zililetwa mbao mbili za majaribio, wa pili nakutumia kwa basi, uuchukue Ijumaa. Panda Kobe siku moja, mpya siku ya pili, hivyohivyo kwa wiki mbili, halafu uniandikie hukumu yako. Huku mtaani kwetu ni tambarare tupu, wewe una kilima.

Tofauti zake ni hizi. Kobe mota yake inazungusha magurudumu kwa mkanda. Huu mpya mota zimo ndani ya magurudumu yenyewe. Umelala chini zaidi, ni mpana zaidi, na wanasema chaji moja inaufikisha mbali kuliko Kobe. Bei nayo imepanda. Uuchaji usiku, ukijaa unajizima wenyewe. Na uvae helmeti, si kilemba.

Mama, uwe mkweli. Nasema hivyo kwa sababu nakujua.

Mwanao kitindamimba.


Bwenini, 29 Machi

Mwanangu,

Amani iwe kwako na kwa wote wanaolala chini ya paa hilo, nasema wote. Mimi sijambo. Nina mikwaruzo mkononi, utaisoma huko chini.

Ubao ulifika. Mweupe! Nimeupa jina la Bibi Harusi, maana tangu utoke kwenye boksi haujafanya kazi yoyote ila kutazamwa. Umesema niwe mkweli, basi sikiliza. Weupe huo unashika vumbi. Ni mpana kama umetengenezwa kwa ajili ya mtu asiyejiamini, ingawa simtaji. Rimoti yake ni ndogo kama kipande cha sabuni kilichobaki. Kobe mkanda wake unalia, watu wanasikia wanapisha; huu unakwenda kimyakimya kama mwizi, nimemshtua mpishi akamwaga maji. Kobe ukimwongezea mwendo anafikiri kwanza. Huu unaondoka kabla hujamaliza kutia nia.

Na asubuhi breki hazishiki. Pale kwenye kona ya tangi la maji nilibonyeza, ukaenda tu, nikaishia kwenye michongoma. Jioni zikashika vizuri. Zamu yake iliyofuata, asubuhi zikakataa tena. Nikadhani Mungu ananirudi kwa kijicho changu, nikatubu. Asubuhi ya zamu ya tatu zikakataa vilevile, nikajua halikuwa jambo la toba. Kisha usiku mmoja umeme ukakatika, ubao haukujaa chaji, na asubuhi yake zikashika. Ukijaa hazishiki mteremkoni. Ndivyo nilivyoona.

Nilikupigia simu Jumatano nikuambie hilo haraka. Akapokea yeye. "Mwanetu yuko bafuni, dada, nimwambie nini?"

Mwanetu.

Nikamwambia hakuna neno, nikakata. Mwanetu wa lini? Nani alikesha na degedege lako? Wazee walisema mchawi mpe mwana kulea, mimi nikadhani ni methali tu. Namwomba Mungu anisamehe neno hilo, lakini silifuti, kalamu imeshapita.

Hukumu yangu: urudisheni.

Mama yako mzazi.


Mjini, 6 Aprili

Mama,

Shikamoo. Mikwaruzo ipake dawa, usiiache.

Nimeisoma barua yako. Uliusema vibaya ubao huu kabla hujaukanyaga. Rangi kasoro, upana kasoro, hata ukimya wake ni kosa. Katikati ya yote hayo ukatia breki. Mama, mimi napanda ubao kama huo kila siku, breki zinashika. Na yeye anapanda asubuhi, umejaa chaji, zinashika. Nilimpelekea bosi maneno yako. Akaniuliza kama mama yangu na mama mwenye nyumba wanajuana.

Kumkatia simu mtu mzima si tabia uliyonifundisha.

Uzinduzi ni Jumamosi hii asubuhi, kwenye barabara ya mteremko nyuma ya uwanja wa michezo. Bosi amechagua mteremko ili wateja waone mwendo. Ubao utachajiwa mpaka taa zote ziwe kijani. Nimeshaandika kwamba unafaa, na kazi yangu imesimama juu ya neno hilo. Kama una baraka nitumie. Kama ni wivu, naomba ubaki nao mpaka Jumapili.

Mwanao.


Bwenini, 10 Aprili, Alhamisi

Mwanangu,

Salamu, na hali sikuulizi leo, kwa sababu barua hii itakufika baada ya Jumamosi. Wewe utakuwa umeshajua yaliyotokea, mimi bado.

Barua yako iliniuma, na iliniuma zaidi kwa kuwa ilikuwa na haki. Nilikwenda kusali. Nikaanza kuomba Jumamosi uaibike, kidogo tu, mbele ya bosi wako, ujue kwamba mama yako hasemi uongo. Sala hiyo sikuimaliza. Maana ubao ukienda bila breki, anayeaibika ni wewe, lakini aliye juu yake ni nani? Ni yeye. Mwanamke wa umri wangu, na pengine ana goti kama langu. Na mimi nilikuwa na simu mkononi ile Jumatano, nikakata kwa ajili ya neno moja.

Ndiyo maana jana ulipopokea nikasema nipe mama mwenye nyumba. Uliogopa nitamtukana. Najua alitoka na simu barazani, kwa hiyo hukusikia. Nakuandikia usije ukatunga mwenyewe.

Nilimwambia hivi: "Dada, mimi nina wivu na wewe. Naanza na hilo ili usilitafute mwenyewe katikati ya maneno yangu."

Nikaendelea. Nikamwambia ubao huo ni mzuri, kitu ambacho wewe nilikunyima. Kwamba ukilala chini vile goti halisumbuki kupanda. Kwamba upana wake unampa mtu raha ya kusimama na viatu vya kawaida, na Kobe anatetemesha meno kwenye mawe ilhali huu unapita kama maji. Kwamba ningekuwa na fedha ningeununua. Kisha nikamweleza kona ya tangi la maji, chaji iliyojaa, na mteremko, vyote vitatu pamoja, maana kwenu tambarare hamuwezi kuviona.

Halafu akasema, "Dada, mtu mwongo hawezi kuanzia pale ulipoanzia."

Akaniahidi hapandi mpaka gunia la mchanga lipande kwanza. Nikashukuru nikitaka kuaga, naye akanizuia. Akaniambia nyumba nzima imechoka na mimi. Komeo likifungwa, wewe unasema mama alisema lifungwe mara mbili. Mboga ikioshwa, mama alisema ioshwe kwa chumvi. Alisema wanawe mwenyewe wako mbali, wanampigia sikukuu hadi sikukuu, na kila basi likileta barua yangu yeye anaingia ndani kushona ili asiione ikifunguliwa. Akasema lile "mwanetu" lilimtoka tu, na nilipokata ndipo akatambua limeniuma.

Nikamuuliza anashona nini. Mapazia, akasema.

Basi, ndiyo hayo. Baraka ulizoomba nimezituma, kwenu wote wawili.

Mama yako.


Mjini, 14 Aprili

Mama yangu,

Shikamoo mara nyingi. Sote wazima. Naanza na hilo kwa kuwa najua unasoma umesimama. Kaa.

Watu walijaa. Bosi alikuwa ameweka meza chini ya mteremko, na kitambaa, na soda. Mama mwenye nyumba akasimama juu na helmeti yake, akaombwa apande, akasema hapandi mpaka gunia litangulie. Watu wakacheka wakidhani ni sehemu ya maonyesho. Bosi akanong'ona kwamba nikimshindwa nitafute kazi nyingine. Nikamwomba mimi mwenyewe, "Mama, nakusihi, unaniharibia." Akanijibu kwa sauti ambayo hata waliokuwa chini waliisikia: "Mamako amesema." Akakaa juu ya ukingo wa barabara, akakunja mikono.

Nikafunga gunia la mchanga juu ya ubao, rimoti mkononi. Katikati ya mteremko nikabonyeza breki. Nikabonyeza tena. Haukupungua hata kidogo. Soda zote chini, meza huku, kitambaa kule, na mchanga kwenye viatu vya bosi.

Nimeufungua ubao usiku huohuo. Breki zake hufanya kazi kwa kurudisha umeme kwenye betri. Betri ikiwa imeshiba, umeme hauna pa kwenda, breki inalegea. Kwenye tambarare ubao unahitaji breki kidogo tu, huoni kitu. Kwenye mteremko ndipo ulegevu unaonekana. Umeniandikia hilo tangu Machi, mstari kwa mstari.

Bosi alinifokea, kisha akauliza nani angekuwa juu ya ubao. Amesimamisha oda mpaka watengenezaji waurekebishe. Kazi bado ninayo, ila bosi anataka kila ubao upite kwako kwanza.

Mama, nilisema una wivu, na kweli unao. Kosa langu nilidhani mwenye wivu hana macho. Nisamehe.

Mwanao, kitindamimba wako.


Bwenini, 22 Juni

Mwanangu kipenzi,

Salamu kutoka kilimani. Goti limetulia, mvua zimetulia, wasichana ndio hawajatulia. Wewe hujambo? Mwandiko wako safari hii umekaza sana, kama mtu aliyeandika huku amefunga meno.

Ubao uliorekebishwa nimeupanda wiki mbili asubuhi, umejaa chaji, mpaka kwenye kona ya tangi. Breki zinashika. Mwambie bosi wako auagize. Ni bora kuliko Kobe kwa kila kitu isipokuwa kelele, na wazee tunahitaji kelele kidogo ili tupishwe. Huo ndio ukweli wangu wote, hakuna kilichofichwa ndani yake.

Sasa hilo lako. Unauliza kwa nini kila Jumapili nikipiga nasema nipe mama mwenye nyumba kabla hata hujamaliza shikamoo. Unauliza kwa nini anatoka na simu barazani na kufunga mlango, na tunacheka nini. Unasema amekuja kukuuliza habari za ulivyonililia siku ya kwanza ya shule hadi mwalimu akalia naye, na unataka kujua aliyemwambia. Nilimwambia mimi. Unasema eti amepata nafasi ya kushona pazia la dirisha langu, na wewe hujapata hata soksi.

Umeandika kwamba huna neno, unauliza tu. Baba, mimi nilianza hivyohivyo.

Sali, kunywa maji, nenda kamsaidie kushika kitambaa anapokata. Wivu hautaisha, lakini utaweza kukaa nao chumba kimoja.

Ukimaliza kusoma nipigie nisikie sauti yako. Halafu mpe yeye simu.

Ni mimi mama yako.