Dari Ambayo Baba Anaiita Ghorofa

Alhamisi. Jua limewaka tangu asubuhi, na upepo umetutilia vumbi mpaka kwenye unga.

Nianze na lile ambalo sijamwambia mtu yeyote. Leo nilikwenda afisi ya baraza la mji peke yangu, nikasimama mbele ya mwanamume nisiyemjua, nikasahihisha neno la baba yangu. Mama anadhani nilikwenda kumwona mwalimu. Baba hajui lolote.

Wewe shajara unanijua. Darasani nilikuwa naandika jibu na kumsogezea mwenzangu alitamke. Tangu nimalize shule, nimekaa nyumbani na sauti yangu imezidi kuwa ndogo. Kwa hiyo nataka uelewe kwamba sikwenda kwa sababu nina ujasiri. Nilikwenda kwa sababu ya Jumatatu.

Jumatatu ijayo ndiyo siku ya lori. Shangazi Midina, dada yake Baba, alifika kwetu kutoka Korbesa na watoto watatu na sufuria moja. Ng'ombe wao hawapo tena. Kule watu wameamriwa wakae kambini, ndani ya ua wa miiba, kwa sababu ya shifta, waasi wanaopigana na serikali, na anayeingia mjini anaulizwa atalala wapi. Mwenyeji akiwa na chumba cha kumpa mgeni, mgeni anapata kibali. Asipokuwa nacho, mgeni anapandishwa lori la Jumatatu na kurudishwa. Sisi tuna vyumba viwili na tayari tunalala kama magunia. Mtoto mdogo wa Shangazi alianza kukohoa kambini, na bado anakohoa.

Chumba cha tatu tunacho, ila kiko juu. Nyumba yetu ilikuwa duka zamani. Paa lake la mabati limechongoka, na chini yake kuna mbao nene ambazo juu yake mwenye duka alikuwa anaweka sukari. Baba alitazama juu siku Shangazi alipofika, akasema hapo watu wanaweza kulala. Lakini siku hizi hakuna anayegusa nyumba yake bila ruhusa ya baraza.

Wazo la Baba lilikuwa zuri. Shida ilikuwa neno.

Sisi ni watu ambao nyumba yetu ilibebwa na ngamia. Nyumba yenye sehemu ya juu na sehemu ya chini hatukuwa na haja nayo, na Baba hakuwa na neno lake. Akatafuta katika Kiswahili, akapata ghorofa. Alilisikia kwa madereva wanaotoka Nairobi na alilipenda sana. Nilimsikia barazani akilifanyia mazoezi: "Bwana, mimi nataka kujenga ghorofa." Ile gh aliitoa kooni kabisa, kama anasoma Kurani.

Alikwenda Jumanne akiwa amevaa koti. Alirudi mapema. Alisema, "Wamekataa ghorofa," akavua koti, na hakula.

Ndipo nikaelewa. Ghorofa ni kuinua kuta na kupandisha nyumba juu ya nyumba, mahali ambapo askari wanataka kuona kila paa. Nani atakubali hilo wakati huu? Baba aliomba kitu kikubwa kuliko alichokitaka.

Ningeweza kumwambia. Lakini Baba ndiye aliyenipeleka shule wakati ndugu zake walimcheka, wakamwambia anapoteza fahali kwa msichana. Sikutaka matunda ya shule yawe binti kumwambia baba yake kwamba amekataliwa kwa sababu ya neno moja.

Basi leo nikaenda.

Tarishi wa mlangoni aliniona nimesimama, nimejifunika mtandio mpaka kidevuni. "Wewe, umepotea njia ya kisima?"

Nikasema namtafuta bwana wa majengo.

"Sema na mimi, usiseme na viatu vyako."

Nikarudia. Watu waliokaa kwenye benchi walinigeukia wote.

Bwana wa majengo anaitwa Murithi. Ni Mmeru, mrefu, na hata akiwa ndani havui kofia yake. Niliposema jina la Baba, alicheka. "Ah, mzee wa ghorofa!" Benchi zima likacheka pamoja naye.

Sijui nikuelezeje. Nilitarajia kwamba nikichekwa nitakimbia. Lakini hawakunicheka mimi, walimcheka Baba, na hasira ilinisafisha koo.

"Si ghorofa," nikasema. "Ni dari."

"Dari? Kupigilia mbao juu kuzuia joto? Hiyo haina haja ya ruhusa, dada. Enda mpigilie."

Nikaona mlango umefunguka. Ningeitikia tu, ningerudi nyumbani tupigilie dari, na watoto wangelala juu kimya kimya. Kisha nikafikiri usiku mmoja askari waone taa mahali ambapo hakuna chumba kinachojulikana. Nikasema hapana, tunataka watu walale huko.

Aliacha kucheka. "Paa itapanda?"

"Halitapanda hata kidogo. Nafasi iko tayari chini ya mabati."

Akanipa penseli na kipande cha gazeti. Nikachora nyumba yetu kwa ubavu: ukuta, mbao, paa. Kwenye hesabu za pembe sikuwahi kuwa mwoga. Alitazama mchoro, akanitazama, akasema, "Hii ni kitu ingine kabisa. Mbona mzee hakusema hivi?"

Nikamrudishia penseli. Akasema atakuja mwenyewe mchana.

Nilirudi nyumbani nikachambua mchele ambao ulikuwa umeshachambuliwa.

Bwana Murithi alifika kwa baiskeli, Baba akiwa ametoka kuswali adhuhuri. Baba akampa salaam aleikum, naye akajibu habari mzee, wakashikana mikono. Kisha Baba akanyoosha mgongo na kusema, "Karibu, bwana. Njoo uone ghorofa yangu."

Shangazi alikuwa amembeba mtoto mlangoni. Nilikaza macho chini, nikisubiri kicheko.

"Twende tuione, mzee," akasema Bwana Murithi.

Wakapanda ngazi yetu ya miti. Nikawafuata, maana ni mimi niliyeshika taa. Alikanyaga mbao moja baada ya nyingine kwa kisigino. Akasema sheria inataka mtu mzima aweze kusimama wima katikati, akasimama, na kofia yake ikagonga boriti.

Chini mtoto alikohoa.

Akavua kofia na kusimama tena. Nywele zake ziligusa boriti, zikaishia hapo. "Sheria inasema mtu," akasema. "Haisemi kofia."

Akatoa masharti yake. Ngazi ya kuegemeza hataki, anataka ya kudumu, yenye mahali pa kushika. Dirisha likatwe kwenye ukuta wa upande wa barabara, askari walione, lisikatwe kwenye mabati. Nalo lifungwe kabla taa haijawashwa. Akija Jumamosi akute ngazi na dirisha, ataweka muhuri, na kwa muhuri huo Shangazi atapewa kibali.

Nilimsindikiza mpaka kwenye baiskeli. Alisema polepole, bila kunitazama, "Kitabuni kwangu nitaandika dari. Nyumbani muiite mnavyotaka."

Sasa Baba amekaa barazani na majirani. Namsikia kutoka hapa. "Jumanne alikataa. Mimi nikakaza, nikamwambia ni ghorofa. Leo amekuja na miguu yake mwenyewe." Mmoja akamtania, "Mzee, sasa utatutemea mate kutoka juu?" Baba amecheka mpaka amekohoa. Sijamsikia akicheka hivyo tangu ng'ombe wa Korbesa waishe.

Kesho kuna kazi. Fundi anakuja baada ya swala ya alfajiri, na ngazi nitaichora mimi, kila kidato, ili Jumamosi kusiwe na neno. Nimeamua pia kwamba ujumbe wowote wa familia hii kwenda afisi yoyote nitaupeleka mimi. Nitatetemeka, lakini nitaupeleka. Shangazi ameshatandika mkeka juu na haniulizi kama tutafaulu. Ameniuliza tu kichwa cha mtoto kielekee wapi.

Na wewe, shajara, nimekupa yote. Mfiche Baba neno langu. Siku moja mtu akikufungua na kukuuliza juu ya nyumba yetu kuna nini, mjibu kuna ghorofa.