Tangazo la Milimita Kumi na Mbili

Jumatatu, 5 Septemba 2016

Upepo mshenzi. Nimebeba meza hadi malishoni juu ya mji, nimepanga juu yake mtaa mzima wa kadibodi, mdogo kama wa wanasesere — duka la mkate, kinyozi, benchi, baiskeli ya waya. Nimelala kifudifudi na kamera, nasubiri jua lishuke kidogo ili mlima wa kweli uonekane unaanzia nyuma ya mapaa yangu ya kadibodi. Jua likashuka. Upepo nao ukaja, ukamwangusha kinyozi pamoja na kiti chake. Siku nzima imekwenda bure.

Kaka Gencho wa jirani alipanda na mbwa wake kuja kunicheka. Aliendesha gari la mkate miaka thelathini, basi anajiona mwenye duka hata kama duka lenyewe lina urefu wa kiganja. Akainama, akautazama mlango weee. Mwisho akauliza: Nedka, dada yangu, huo mji wako watu hawafi? Nikamwambia sijamwelewa. Akasema mlango mtupu hivyo ni wa wapi, hauna hata tangazo moja la msiba?

Kasema kweli, mchokozi yule. Mji huu kila mlango na kila nguzo ina makaratasi — sura, jina, siku arobaini, mwaka mmoja, miaka kumi. Nimeweka hadi makombo ya mkate dirishani, nikasahau wafu. Nimejichukia njia nzima kushuka.

Jumatano, 7 Septemba

Kazini nimechonga meno ya bandia ya watu huku akili iko mlangoni. Nusura nimtengenezee mzee wa watu meno ya chini mara mbili.

Karatasi ya kawaida ukiipunguza mara ishirini na nne inabaki milimita kumi na mbili. Nimechapa matangazo matano, majina ya kubuni, sura za magazetini. Mabaya. Wafu wote wanatabasamu kama wanauza sabuni. Nikayatupa. Nikazunguka meza, nikanywa kahawa, nikazunguka tena.

Kisha nikachukua picha ya baba, ile ya pasipoti. Nikaiandika: DOBRIN TACHEV, AMETUTOKA. Chini: binti yake. Nikaibandika mlangoni pa duka kwa kibano. Ikakaa sawasawa mara ya kwanza, na hilo ndilo limenitisha.

Baba alikwenda Komi, Urusi, kukata magogo, Aprili 1979, kama wanaume wengi wa hapa. Nilikuwa na miaka kumi. Wenzake walirudi, wengine na magari. Yeye aliandika barua mwaka mmoja na nusu, kisha kimya. Mama hajawahi kumbandikia tangazo. Ukimwuliza anakujibu: sijaona maiti, sibandiki. Mazungumzo yameisha.

Ndiyo maana mtaa wangu siku zote ni wa 1979. Huu ni wa sita. Nataka tu kujua nini kilimpata. Nina miaka arobaini na saba na bado nataka kujua, kitoto kabisa.

Lakini milimita kumi na mbili — nani atasoma?

Alhamisi, 8 Septemba

Picha imekubali! Upepo umelala, mlima umekaa mahali pake, mlango mbele kabisa karibu na lenzi. Kaka Gencho alitazama kwenye kamera. Akasema anasikia harufu ya mkate. Nimempelekea picha Milka wa jumba la utamaduni kwa ajili ya maonyesho.

Ijumaa, 16 Septemba

Balaa.

Maonyesho yamefunguliwa, na Milka kaichapa picha yangu mita mbili kwa moja na nusu. Anasema alitaka kunishangaza. Kanishangaza kweli. Tangazo limekuwa kubwa kama kiganja, sura ya baba inakutazama usoni, jina linasomeka ukiwa mlangoni. Watu wamesimama mbele yake na glasi za divai, wananong'ona, wananigeukia, wanaguswa. Mmoja akanishika bega, akasema bora hivyo, mwanangu, bora mmelikubali.

Nimemwomba Milka aishushe. Akaniuliza kama nina wazimu, ndiyo picha bora ya maonyesho. Nikamwambia kuna kosa. Akasema haoni kosa.

Mama hakuja. Macho yake hayamsaidii tena na ngazi zile anaziogopa. Kesho lazima nimwambie kabla hajaambiwa.

Jumamosi, 17 Septemba

Sijamwambia. Tumechoma pilipili hoho uani kutwa nzima, magunia mawili. Nilifungua mdomo mara nne. Kila mara akaniambia nigeuze, zinaungua.

Jumapili, 18 Septemba

Shangazi Tsona, rafiki yake mama, kaja saa nne na mawaridi meupe. Niliyahesabu kabla hajavuka kizingiti. Manne. Hapa kwetu mtu aliye hai humpelekei maua kwa idadi shufwa, hayo ni ya marehemu. Nilitaka kuchomoa moja nilile hapohapo.

Mama akayapokea. Akayapapasa, akayahesabu kwa vidole kama mimi nilivyoyahesabu kwa macho. Akauliza: ya nani haya, Tsona? Shangazi Tsona akalia, akasema ya Dobrin, dada, tumeona tangazo mlangoni pa duka la mkate, Mungu amsamehe, umejitesa miaka mingi.

Nikajua sasa nyumba inaanguka. Mama akayaweka mawaridi mapajani. Akasema: Mungu amsamehe. Nedka, lete chombo cha maua.

Hakuuliza tangazo gani. Duka lile la kweli lilibomolewa 1994.

Jumatatu, 19 Septemba

Nimerudi kutoka kazini, namkuta mama ameloweka ngano. Sufuria kubwa. Ngano ya msiba, ya kugawia watu Jumamosi. Kawaita watu kwa simu yeye mwenyewe. Haongei nami, wala hajakasirika. Hilo la pili linanitia wazimu.

Jumanne, 20 Septemba

Sikuweza tena. Nimemwambia yote wakati anamenya pilipili — picha, kibano, kila kitu. Nikamwomba radhi. Nikamwambia, mama, wewe si ulisema hubandiki bila kuona maiti, mbona unapika ngano?

Akasema: kwa sababu umenirahisishia, mwanangu.

Akaendelea kumenya. Kisha akasema hajui kama baba amekufa. Mwaka 1982 alikuwa hai na mzima. Ana mwanamke kule, ana mtoto wa kiume. Aliandika mwenyewe. Mama akaificha barua, akawaambia watu hakuna habari. Mwanamume aliyepotea msituni watu wanamhurumia mkewe, akasema. Aliyehamia kwa mwingine, watu wanamcheka mkewe. Mimi, akasema, nisingeweza hata kwenda kununua mkate mji huu kwa aibu. Lakini kumbandika mtu hai mlangoni nilishindwa. Wewe umeweza.

Nimetupa kisu kwenye beseni. Nikamwambia ameniibia baba miaka thelathini na minne. Akasema: nimekubakiza wewe. Sikuelewa. Nimetoka, nimetembea hadi kituo cha treni na kurudi, mara mbili, bila koti.

Jumamosi, 24 Septemba

Naandika bafuni, mlango nimefunga.

Asubuhi tulisaga jozi za kutia kwenye ngano. Mama akafuta mikono, akatoa bahasha kifuani kama anatoa leso. Akasema nisome wageni wakishaondoka. Kisha nifanye nitakavyo. Nimeisoma hapahapa, nimekaa ukingoni mwa beseni la kuogea.

Ni barua ya baba ya 1982, ukurasa mmoja. Hamwombi mama msamaha hata kwa neno moja. Anamwomba anipandishe treni likizo ya kiangazi, hadi Moscow. Atanipokea stesheni. Asema nisiogope, atavaa koti lake la kahawia nimjue. Asema ameshanitengenezea kitanda kwa mbao zake mwenyewe, amekipima kwa urefu wangu wa zamani na kuongeza sentimita ishirini, maana lazima nimekua. Chini, anwani. Mtaa, nambari ya nyumba, kila kitu.

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Ningekwenda. Mama alijua ningekwenda.

Nasikia watu wamejaa sebuleni. Shangazi Tsona, kaka Gencho na vishindo vya viatu vyake, Milka. Ngano iko mezani, mama ameipamba kwa sukari ya unga. Anataka nianze mimi. Binti ale kijiko cha kwanza na aseme Mungu amsamehe, ndipo wengine waseme na kula.

Ameniita mara tatu. Sauti yake ya kawaida kabisa. Wote wananisubiri. Nimemjibu nakuja, mama. Bado nimekaa.