Hakiambukizi, Kaka

Mambrui, 4 Machi 1986

Kaka Athman,

Shikamoo. Mama hajambo, ni magoti tu yamsumbua. Hali yangu mimi usiiulize, maana miaka yote hii hukuiuliza.

Kahonzi wa Marafa, huyu mama atuuziaye mihogo, alikuja jana na habari zako. Asema yuko daktari Athman Omar azunguka Adu na Marafa kwa utafiti wa kifafa. Awaambia watu si jini wala si laana, kifafa hakiambukizi, mgonjwa akianguka mshikeni mumlaze ubavu, na mliowaficha watoeni. Mwanawe Kahonzi alikuwa amefichwa. Sasa ameza vidonge vyako na tangu mvua za vuli hajaanguka.

Nilimsikiliza nikiwa chumba cha ndani. Mlinitia komeo humo siku ya harusi yako nisije nikawaangukia wakweo, nikasikia vigelegele kupitia ukutani. Tangu hapo ikawa desturi, akija mgeni, Mahfudha ndani! Haya niambie, watu wa Adu ni watu, mimi ni nini?

Nataka vidonge. Na nataka unipeleke kliniki wewe mwenyewe, mchana, watu wakiona.

Nduguyo wa tumbo moja,
Mahfudha

Nairobi, 20 Machi 1986

Mdogo wangu Mahfudha,

Marahaba. Sisi huku wazima, alhamdulillahi, na wifi yako ni mjamzito.

Barua yako imenichoma. Usinifundishe kazi yangu. Vidonge nimempa Masha, dereva wetu, vimo ndani ya kopo la majani ya chai. Meza kimoja kila usiku, na ukianza usiache ghafla. Kliniki usiende. Mkwe wangu, Mzee Abdulghani, akijua kwetu kuna kifafa atamchukua binti yake, na mwanangu atanyooshewa vidole kabla hajazaliwa. Vumilia. Mwezi ujao nina mkutano wa watu wote Malindi kuhusu kifafa, na mzee atakuwepo. Tafadhali, kaa nyumbani.

Kakako,
Athman

Mambrui, 9 Mei 1986

Athman,

U mzima? Mimi mzima kuliko ulivyoniacha pale chini.

Kopo lako sikulifungua. Kumeza dawa kwa kujificha ni kutiwa komeo mara ya pili. Nilivaa buibui nikaja mkutanoni, nikaketi nyuma na Kahonzi. Sikuja kukuaibisha. Nilitaka nikusikie ukisema kwa kinywa chako kwamba nawe una mgonjwa nyumbani. Hukusema, na mimi nikaanguka.

Yaliyofuata nimeyapata kwa Kahonzi. Watu walitimka, viti vikapinduka, kila mtu kajifunika uso kwa leso akiogopa povu langu. Kisha wakakutazama wewe, bingwa wao. Nawe ukamtazama mkweo! Hukusogea. Kahonzi ndiye aliyenilaza ubavu kama ulivyomfundisha, akanifuta povu kwa leso yake mwenyewe, akawapigia kelele, "Hakiambukizi! Si mumeambiwa?" Nilipofumbua macho kichwa changu ki mapajani mwake, nawe wafunga mkoba wako.

Wallahi nilikukasirikia hata maumivu nikayasahau.

Sasa nachukua vidonge kliniki kwa jina langu, na wageni wakija nawapokea ukumbini. Juzi muuguzi, Nduku, alilisoma jina la baba akafurahi. "Kumbe daktari Athman ni nduguyo?"

Nikamwambia, "Muulize yeye."

Mgonjwa,
Mahfudha binti Omar