Sumaku kwenye keni ya Paskalina

Brightness, leo nimejiaibisha pale tunapopimia maziwa.

Si unajua jirani yangu Paskalina anavyoringa na keni yake mpya ya stenlesi, ile ya kubebea maziwa? Nikabeba sumaku ya spika mbovu nimuumbue. Nikaibandika kwenye keni, ikadondoka. Nikasema mbele ya wote, chuma gani hiki hakishiki sumaku, ni feki.

Shabani anayepokea maziwa akacheka. "Mama Isidori, hiyo ni stenlesi namba 304. Imechanganywa na madini ya nikeli, ndiyo maana haishiki sumaku. Matangi ya kiwandani ni hiyohiyo, haipati kutu hata maziwa yakichachia humo."

Eti nikeli.

Akasema, hebu tupime na ya kwako.

Sumaku ikanata kwenye keni yangu. Nikavuta, imenata tu.

Paskalina ndiye aliyenisaidia kuibandua, tena kwa upole. Huo upole ndio unaoniua.