Kikombe cha Povu

Upo? Pokea simu bwana, nimekwisha!

Si unajua baba mkwe hapendi kunyolewa kwa povu la baridi? Leo kaja saluni kwangu na mkewe. Nikalikoroga povu kwenye kikombe cha chai, nikakiweka ndani ya bakuli la maji ya moto lisipoe. Nikamnyoa shavu moja, nikaenda kufuata taulo.

Narudi, mama mkwe kashika kikombe. Kitupu!

Kanywa. Lote. KANYWA!

Anamwambia mumewe, "Mkwe ana adabu huyu, kaniwekea maziwa yasipoe." Kisha kaninong'oneza: "Mwanangu, yamechacha kidogo, ila nimemaliza nisikuaibishe."

Nisikuaibishe!

Nimejifungia stoo. Mzee anaita, "Povu liko wapi?"

Mkewe anamjibu, "Mwache kwanza, ananichemshia maziwa mengine."